HESABU YA KUNDI NA JINA LA KONDOO

(Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika)



Kanisa katika Nyanda za Juu Kusini halikuanza jana kuhesabu. Wamisionari wa Berlin waliofika Unyakyusa mwaka 1891, na baadaye kuenea Ubena na Uhehe, waliandika vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi. Vita vya 1914–1918 vilipowaondoa, walimu na wazee wenyeji ndio waliolitunza kundi. Vitabu havikuweza kwenda kumtazama mgonjwa, watu walikwenda.

Leo kazi ya vitabu hivyo inahamia kwenye kompyuta. Sensa ya Agosti 2022 ilitumia vishikwambi, ikahesabu watu 61,741,120 nchini. Hospitali, shule, benki na ofisi za kanisa huamua mengi kwa takwimu. Jambo hilo si dhambi. Utafiti wa mwaka 2011–2012 ulionyesha kuwa maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 hadi 49 yalikuwa asilimia 14.8 Njombe, 9.1 Iringa na 9.0 Mbeya, ilhali wastani wa taifa ulikuwa 5.1. Tarakimu hizo zilionyesha mahali penye uhitaji mkubwa. Hata hivyo, yatima hakulelewa na asilimia, bali na bibi yake, jirani na mzee wa mtaa.

Mfalme Daudi aliwahesabu watu wake, kisha moyo ukamchoma. Mchungaji wa Luka 15 naye alihesabu, na kwa hesabu hiyo akatambua aliyekosekana, akatoka kumtafuta. Tofauti yao ni nia ya kuhesabu.

Tuseme kompyuta ya usharika inaonyesha kwamba bahasha ya mjane fulani haijarudi kwa miezi minne. Taarifa hiyo ni ya kweli, lakini haisemi kwamba mama huyo amelazwa, au kwamba anaona haya kuja mikono mitupu. Viongozi wakiishia hapo, ataandikwa miongoni mwa waliolegea, na siku ya msiba wake utazuka ubishi juu ya mazishi. Mzee wa mtaa akienda kupiga hodi, taarifa ileile inageuka kuwa mwito wa huduma.

Kwa hiyo viongozi wana wajibu wa aina tatu. Kwanza, waandike yaliyo kweli, bila kuongeza idadi ili kuupendeza mkutano mkuu. Pili, watunze siri za watu, kama inavyodai pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tatu, uamuzi unaomgusa mshiriki ufanywe na mtu anayeweza kuulizwa, kusikiliza na kutubu. Mashine haitasimama kutoa hesabu mbele za Mungu.

Watakaofungua kumbukumbu za usharika huu miaka 100 ijayo watakuta idadi ya washarika. Mungu awajalie wakute pia kwamba waliohesabiwa walitembelewa. Amina.