Kwa Utafiti wa Maabara Tu

Katika maduka ya mtandaoni ya Marekani na Ulaya huuzwa kichupa cha kioo kisichozidi urefu wa kidole gumba, chenye kizibo cha mpira kilichobanwa kwa bati laini, na ndani yake, chini kabisa, umegandamana unga mweupe wa miligramu 5, haba hata mnunuzi aweza kudhani ameuziwa chupa tupu; na ubavuni pake imebandikwa karatasi isemayo kwamba kilichomo ni kwa utafiti wa maabara tu, wala si cha kutumiwa na binadamu. Maneno hayo ndiyo kadhia yetu ya leo, kwani yakitoka kwa mwenye maabara huwa ni kweli, na yakitoka kwa wengi wa wachuuzi hao huwa ni hila.

Unga wenyewe ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, iliyotengenezwa kwa mikono ya watu ili kuichochea tezi ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo, itoe homoni ya ukuaji. Na asili yake ni elimu tukufu. Cyril Bowers, tabibu wa Chuo Kikuu cha Tulane mjini New Orleans, alikuwa katika miaka ya 1970 akichunguza peptidi zilizoigizwa kutoka enkefalini, ambayo mwili huitumia kutuliza maumivu kwa namna ya afyuni, akawa akizibadili asidi amino zake hii baada ya hii, hata akapata zisizo na athari ya afyuni kabisa ilhali zaifanya pituitari imwage homoni ya ukuaji. Mwaka 1984 yeye na wenzake wakatangaza habari za GHRP-6, mnyororo wa asidi amino 6 tu, ambazo 2 miongoni mwake zina umbo lililopinduliwa, lisilotumiwa na mwili katika kujenga protini zake.

Miaka miwili kabla ya hapo, katika taasisi ya Salk huko California, jopo la Roger Guillemin na lile la Wylie Vale yalikuwa yamekwisha kuipata homoni ambayo ubongo wenyewe huitumia kuiamrisha pituitari, nao waliitoa, ajabu, katika uvimbe wa kongosho. Basi ingekuwa wepesi kudhani kwamba peptidi za Bowers zaigiza hiyo. Kumbe sivyo, zina njia yake mbali. Ufunguo ulikuwa umekwisha kuchongwa, na unafungua, lakini hakuna aliyekijua kitasa wala fundi wake. Hata mwaka 1996 wataalamu wa kampuni ya Merck wakakitambua kitasa hicho, yaani kipokezi cha peptidi hizo, na mwaka 1999 Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, huko Japani, wakaipata homoni ya asili ya kipokezi hicho, ghrelini, yenye asidi amino 28, wala hawakuipata ubongoni bali tumboni mwa panya! Tena homoni hiyo ndiyo iletayo njaa, na ndiyo sababu ajidungaye GHRP-6 kwa tamaa ya misuli hujikuta kwanza akitafuta sahani.

Tabibu naye amepata fungu lake: mwaka 2017 Marekani iliruhusu masimorelini, dawa ya kunywa ya jamii hiyohiyo, ambayo mgonjwa mtu mzima huinywa kisha akatolewa damu mara kadhaa, ikajulikana kama pituitari yake ingali na nguvu ya kuitika.

Lakini mtunisha misuli hataki kupimwa, ataka kunenepa mikono, naye yafaa asikie habari za MK-677, kidonge kisicho peptidi lakini chenye kugusa kipokezi kilekile. Katika utafiti uliotangazwa 2008, wazee wenye siha walikimeza, homoni yao ikapanda hadi kadiri ya vijana, na nyama ya mwili ikaongezeka kweli. Ila nguvu haikuongezeka, na sukari ya damu ikapanda. Katika utafiti mwingine, uliotangazwa 2011, wazee waliovunjika nyonga walikuwa wakipewa kidonge hicho, nao ukasimamishwa kabla ya wakati wake kwa dalili za moyo kushindwa kazi. Hayo yalitukia mbele ya matabibu, kwa dawa iliyopimwa usafi wake. Sembuse unga usiojulikana umetengenezwa wapi?

Na hila yenyewe haijifichi. Duka lile liuzalo kichupa cha utafiti huuza, hapo hapo, maji safi ya kuchanganyia na sindano nyembamba za insulini, na aghalabu mandharini pana picha ya kifua kilichotuna: ni panya gani huyo wa maabara? Shirika la kimataifa la kupambana na dawa haramu michezoni limekwisha kuzipiga marufuku peptidi hizi, na idara ya chakula na dawa ya Marekani imewaandikia baadhi ya wachuuzi wa peptidi barua za onyo, ikiyapima madhumuni yao kwa matangazo yao wala si kwa karatasi ya kichupa. Hukumu hiyo naiona ya haki, ila ni pungufu, kwa kuwa duka la mtandaoni hufungwa leo likafunguliwa kesho kwa jina jingine. Lau ingekuwa sharti kila kichupa kipelekwe kwenye anwani ya chuo au maabara yenye kibali, kwa sahihi ya mtafiti atakayeulizwa amekifanyia nini, watafiti wa kweli wasingepungukiwa na kitu, na wachuuzi hao wangekosa wateja.