Upatanisho wa Kisarufi katika Kurasa za Tovuti

Anayeanza kujifunza React, zana ya kuundia kurasa za tovuti iliyotolewa kwa umma na Facebook mwaka 2013, hufundishwa kwanza kuugawa ukurasa katika vijenzi, yaani vipande vidogo vinavyojitegemea. Data ya kijenzi ikibadilika, kijenzi hicho huonyeshwa upya. Katika zoezi la kuhesabu, Kiingereza mara nyingi hutosheka na herufi s mwishoni mwa nomino. Kiswahili hakitosheki: “Kitabu 1 kimeazimwa” huwa “Vitabu 3 vimeazimwa”, ilhali kalamu, isiyobadilika umbo, hubadilisha kitenzi: “imeazimwa”, “zimeazimwa”. Anayetenga nomino na kitenzi katika vijenzi viwili ndiye atuandikiaye “Vitabu 3 imeazimwa”, kisha lugha ikalaumiwa! Namshauri aihifadhi sentensi nzima, umoja na wingi, kwa kila ngeli.