Ua la Parachichi na Jicho la Nyuki

Katika mashamba ya parachichi, kila ua dogo la kijani-manjano hufunguka mara mbili tu. La aina ya Hass hufunguka asubuhi likiwa jike, hufumba, kisha hufunguka tena mchana wa siku ya pili likiwa dume na kutoa chavua. La aina ya Fuerte huenda kinyume: jike mchana, dume asubuhi ya kesho yake. Aina hizo zikipandwa jirani, nyuki huchukua chavua ya moja na kuipeleka kwa nyingine.

Nyuki huvutwa na nini? Mbochi, harufu na rangi.

Macho yake hayaoni wekundu kama ya binadamu, lakini huona miale ya urujuanimno. Alizeti, ambayo kwa mtu ni manjano tupu, kwa nyuki ina duara la giza linaloonyesha palipo na mbochi. Akirudi mzingani hucheza, akiwaelekeza wenzake upande na umbali. Karl von Frisch, aliyefumbua ngoma hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973.

Ili kutowadhuru nyuki hao, maua yakichanua, mkulima asipulizie dawa ya wadudu mchana. Ikilazimu, asubiri jioni nyuki wakisharejea, na amjulishe mapema jirani mwenye mizinga.