Dawa ya Mgongo Haihesabiwi

Msikilizaji, mwombe mzee yeyote wa Laela au Kaengesa, hapa Rukwa, mwenye presha, sukari na figo zilizoanza kuchoka akumwagie dawa zake mezani. Losatani ya presha ipo. Furosemidi, ile ya kukojoa, ipo. Metifomini na glibenklamidi za sukari zipo. Sasa muulize: mgongo ukikuuma baada ya kulima, unameza nini? Hapo ndipo atakapochomoa mfukoni diklofenaki, aliyoinunua bila kuandikiwa na wala hakuihesabu kuwa dawa.

Hiyo ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Figo huchuja damu inayoingia kwa msukumo. Diklofenaki hubana mishipa inayoiingiza, losatani hulegeza ile inayoitoa, furosemidi hupunguza maji mwilini. Zikikutana zote tatu, hasa mgonjwa anapoharisha au akishinda juani shambani, figo zenye nguvu kidogo zinaweza kugoma ndani ya siku chache. Ibuprofeni nayo ni ndugu ya diklofenaki. Parasetamo, kwa dozi yake, ni salama zaidi.

Sukari ina hila zake. Figo zikidhoofika, glibenklamidi hukawia kutoka mwilini, na dozi ile ile ya miaka yote inaweza kushusha sukari mno na kumwangusha mtu usiku, jasho likimtiririka, akisema yasiyoeleweka. Mpimeni sukari kwanza, jamani, kabla jirani hajasingiziwa uchawi. Metifomini nayo huachwa uchujaji wa figo ukishuka chini ya mililita 30 kwa dakika. Hesabu hiyo hutokana na kipimo cha damu cha kreatinini.

Simlaumu mzee. Presha kaandikiwa huku, sukari kule, mgongo kautibu mwenyewe. Ninayemdai ni aliye nyuma ya kaunta. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianza Ruvuma mwaka 2003, na Rukwa ikawa kati ya mikoa ya mwanzo kuupokea, pamoja na mafunzo kwa wauzaji. Kuuliza “unatumia dawa gani nyingine?” hakuhitaji mashine. Dawa za mizizi nazo ziulizwe, bila kumkaripia mgonjwa. Akikaripiwa mara moja hazitaji tena.

Usiache dawa yoyote kwa kunisikia mimi redioni. Siku ya kliniki beba zote, pamoja na pakiti tupu ya ile ya mgongo, ziweke mbele ya daktari, kisha muulize kreatinini yako imefika ngapi.