Kamba, Mawe na Maua



Mapema mwaka wa 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, nyumba za wachuma chai zilichomwa hapa Kericho, na soko la Chebilat, mpakani mwa Sotik na Borabu, likateketea. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Mwaka uliofuata zikaja familia zilizofurushwa Msitu wa Mau, zikapiga mahema kando ya barabara. Waliogawiwa unga na blanketi walikuwa wengi. Watoto walioulizwa waliona nini, tungewahesabu kwa vidole.

Tulizoea kuwaambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kwa wazee wanaosuluhisha ugomvi wa mipaka, methali hiyo ina kazi yake. Kwa mtoto aliyeona nyumba yao ikiungua, yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe. Moshi wa takataka tu unamrudisha usiku ule. Moyo unamwenda mbio, anakojoa kitandani ilhali alishaacha, na darasani macho yake yako mlangoni, hayako ubaoni.

Sasa, nani atamtibu? Tukingoja daktari wa akili kwa kila mtoto, watazeeka wakingoja. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwanasaikolojia Frank Neuner na wenzake waliwafundisha wakimbizi wenyewe tiba ya kusimulia maisha kwa wiki 6, watu wasio na shahada yoyote ya saikolojia. Walihudumia Wanyarwanda na Wasomali, na matokeo yakachapishwa 2008: walipofuatiliwa baadaye, takriban watu 7 kati ya 10 waliosimulia kwa utaratibu huo hawakuwa tena na ugonjwa wa kiwewe. Kati ya wale waliofuatiliwa tu bila tiba, waliopona hawakufika 4 kati ya 10.

Utaratibu wenyewe, kwa watoto, huanza na kamba. Mtoto anaitandaza sakafuni. Ncha moja ni siku aliyozaliwa. Kwa kila jambo jema anaweka ua, kwa kila jambo baya anaweka jiwe. Siku zinazofuata wanarudi kwenye mawe, moja baada ya jingine. Ulikuwa wapi? Ulisikia nini? Mwili ulifanyaje? Msaidizi hamharakishi wala hamruki penye kutisha, kwa sababu hofu iliyokatwa katikati hubaki hofu. Anaandika yote, kisha anamsomea mtoto, naye anasahihisha. Pole pole lile tukio linapata tarehe na mahali pake, linaacha kuwa la leo. Mwishoni mtoto anakabidhiwa hadithi ya maisha yake ikiwa imeandikwa. Mimi hapo ndipo ninapoona werevu wa njia hii: maua nayo yameandikwa.

Karibu nasi zaidi ni Bungoma. Huko, na Moshi nchini Tanzania, watoto 640 waliofiwa na wazazi, wa miaka 7 hadi 13, walishiriki utafiti uliochapishwa 2020. Waliopewa tiba, ambayo si ile ya kamba, walikutana kwa vikundi mara 12 na washauri wa kawaida waliofunzwa, walezi wao wakiwa na kikundi chao. Bungoma, mjini na vijijini, nafuu yao ilizidi ya wenzao wasioipata, hata baada ya mwaka. Vijijini Moshi tofauti hiyo haikuonekana, kwa hiyo tusiiuze kama dawa ya kila homa.

Mwalimu, au mama mhudumu wa afya ya jamii unayenisikiliza, usikimbilie kamba kesho asubuhi. Wale washauri walikuwa na msimamizi wa kuwakagua mara kwa mara, na hilo halina mbadala. Usimsimamishe mtoto gwarideni aeleze yaliyomkuta. Usianze ikiwa anayemtisha bado analala nyumba hiyo hiyo. Hapo kwanza ni afisa wa watoto, au simu ya bure 116. Na akitaja kutaka kufa, mpeleke siku hiyo hiyo hospitali ya rufaa, Kericho au Longisa, na usimwache njiani peke yake.