Fomu Ikikuuliza Juu ya Kosa Lako la Zamani

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Lushoto)



Tumeombwa tuzungumze juu ya safari za nchi za nje. Zamani jambo hili lilikuwa mbali na sisi. Leo liko hapa hapa milimani. Vijana wetu wa Soni, Mlalo, Lukozi na Mtae wanakutana na wageni wanaokuja kutembea Usambara. Wanasikia habari za Ujerumani, Uingereza na Australia. Wanataka kwenda kufanya kazi mwaka mmoja, waone dunia, warudi na akiba. Nia hiyo si mbaya.

Lakini wapo wenye wasiwasi. Wanasema, "Mimi nilishapelekwa mahakamani. Basi, siwezi kwenda popote." Mmoja alikata mti katika msitu wa hifadhi bila kibali. Mwingine alikutwa na gongo. Mwingine alipigana siku ya gulio. Wakatozwa faini, wakalipa, mambo yakaisha. Sasa fomu ya viza inawauliza. Wafanye nini?

Jibu letu ni hili: waseme kweli. Sasa tueleze kwa nini.

MLANGO UPI UKO WAZI?

Viza ni ruhusa ya kuingia katika nchi ya watu. Iko viza ya kutembea, iko ya kusoma, iko ya kazi. Iko pia ile ya vijana ya kufanya kazi na kupumzika. Kijana anakaa mwaka mmoja au miwili, anatembea, na anafanya kazi ili apate fedha za kujikimu.

Uingereza ilikuwa na mpango huo kwa vijana wa nchi za Jumuiya ya Madola. Tanzania ni nchi ya Jumuiya ya Madola, kwa hiyo Watanzania nao waliweza kuomba. Mpango huo ulifungwa mwaka 2008. Mpango mwingine ukaanza, lakini ni kwa nchi zilizoandikwa katika orodha, na Tanzania haimo. Australia, New Zealand na Kanada nazo zina mipango ya namna hiyo kwa nchi walizopatana nazo. Huko nako Tanzania haimo.

Kwa hiyo mtu akija stendi akasema, "Nipe fedha nikupatie viza ya kazi na mapumziko ya Australia kwa paspoti yako ya Tanzania," huyo anataka kukuibia. Mwache aende zake.

Je, hakuna mlango mwingine? Upo. Ujerumani ina mpango wa vijana wa kujitolea unaoitwa weltwärts. Ulianza mwaka 2008 kwa kuwatuma vijana wa Kijerumani katika nchi kama yetu. Kuanzia mwaka 2013 ulifunguliwa njia ya pili, na vijana wa nchi zetu nao wakaanza kwenda Ujerumani. Tena ziko viza za kazi na za masomo. Kwa habari za kazi za nje, waulizeni watu wa huduma za ajira Tanzania, yaani TaESA. Hicho ni chombo cha serikali.

SOMA SWALI VIZURI

Kila mlango una mlinzi, na mlinzi ana maswali. Fomu nyingi zinauliza juu ya makosa. Hapo ndipo kisomo chetu kinatufaa. Tutofautishe maneno matatu.

Kukamatwa ni kushikwa na polisi. Unaweza kukamatwa leo na kuachiwa kesho bila kesi.

Kushtakiwa ni kupelekwa mahakamani na kusomewa shitaka. Unaweza kushtakiwa, kisha ukashinda kesi.

Kutiwa hatiani ni mahakama kusema kwamba umetenda kosa. Hata kama hukufungwa. Hata kama ulilipa faini tu. Hata kama hakimu alikuonya akakuachia kwa masharti, ikiwa alikuona una hatia.

Wengi wetu tunakosea hapa. Tunadhani aliyelipa faini hana kesi. Sivyo. Faini ni adhabu, na adhabu hutolewa kwa mtu aliyetiwa hatiani.

Nchi haziulizi namna moja. Fomu ya Marekani inauliza kama umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani, hata kama ulisamehewa baadaye. Nyingine inauliza juu ya kutiwa hatiani tu. Jibu swali lililoulizwa. Usipunguze, na usiongeze.

KOSA DOGO LINA UZITO GANI?

Nchi nyingi hazifungi mlango kwa kila kosa. Zinapima. Zinatazama kosa lilikuwa nini, adhabu ilikuwa kiasi gani, miaka mingapi imepita, na kama umerudia.

Tuchukue Australia. Sheria yao inasema kumbukumbu ya makosa ni nzito ikiwa mtu alihukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi. Kama alipata vifungo viwili au vitatu, huvijumlisha. Mtu aliyetozwa faini kwa kukata mti mmoja hajafika huko. Lakini maofisa wana haki ya kutazama tabia yake yote. Kwa hiyo hatuwezi kumwahidi mtu kwamba atapata viza. Tunasema tu kwamba asikate tamaa kabla hajaomba.

Wazee wetu wanajua kwamba kutiwa hatiani siyo mwisho wa mtu. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Usambara kuchimba matuta mashambani. Kazi ilikuwa nzito, na watu waliogopa kupoteza ardhi yao. Waliokataa walitozwa faini, na wengine walifungwa. Je, wazee wale walikuwa wahalifu mbele ya vijiji vyao? Mwalimu Nyerere naye alitiwa hatiani mwaka 1958 kwa maneno aliyoandika juu ya maofisa wa kikoloni. Aliambiwa alipe shilingi 3,000 au afungwe miezi 6. Alilipa. Mwaka 1961 akawa Waziri Mkuu wa nchi hii.

Hatusemi kwamba kukata mti wa mkulo katika msitu wa Magamba ni sawa na kupigania uhuru. La. Msitu ule ndio unaotupa maji. Tunasema kwamba karatasi ya mahakama inaeleza kosa na adhabu tu. Mengine yanaelezwa na mwenyewe, na atasikilizwa kama anaaminika.

UONGO UNAZIDI KOSA

Sasa anakuja wakala. Anakwambia, "Andika hapana. Nani atajua huko?" Ndugu zangu, hapa ndipo watu wanapoangamia.

Mara nyingi wenye nchi hutaka cheti cha polisi cha tabia njema. Ukikiomba, polisi wanachukua alama za vidole vyako na kuzitafuta katika kumbukumbu zao. Fomu ikisema hapana na cheti kikisema ndiyo, umekwisha. Wamarekani na Waingereza nao huchukua alama za vidole vya mwombaji wa viza na kuziweka.

Tazameni adhabu ya uongo. Uingereza, mtu aliyedanganya katika maombi anaweza kuzuiwa miaka 10. Kanada ni miaka 5. Australia, habari za uongo zinaweza kumzuia miaka 3. Marekani inaweza kumzuia maisha yake yote. Kosa lake la kwanza lilikuwa faini, na pengine wangemsamehe. Uongo wake ndio uliofunga mlango. Njia ya mwongo ni fupi.

Wala usiseme, "Aliyeandika ni wakala." Sahihi ni yako. Tulijifunza kusoma ili tusitie sahihi kitu tusichokijua. Kama fomu ni ya Kiingereza au Kijerumani, mtafute mwalimu au ndugu unayemwamini. Akusomee kila swali na kila jibu kabla hujatia sahihi.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, nenda mahakama iliyokuhukumu. Omba nakala ya hukumu. Usingoje hadi wiki ya safari, maana faili la zamani huchukua muda kupatikana.

Pili, tafuta stakabadhi ya faini. Kama imepotea, waulize mahakamani kama wana kumbukumbu ya malipo. Tangu leo tuwe na desturi ya kutunza kila karatasi ya serikali mahali pakavu.

Tatu, omba cheti cha polisi mapema, ujue kinasema nini.

Nne, andika maelezo mafupi. Usilie wala usimlaumu mtu. Andika hivi:

"Mwaka 2019 nilitiwa hatiani kwa kukata mti katika msitu wa hifadhi bila kibali. Nilitozwa faini, nikalipa. Sikufungwa. Tangu siku hiyo sijapata kesi nyingine. Ninaambatisha nakala ya hukumu na stakabadhi."

Weka mwaka wako na kosa lako mwenyewe. Hayo yanatosha. Kisha yatafsiriwe na mtu anayejua kazi hiyo.

Tano, usinunue cheti safi cha bandia. Cheti cha bandia ni kosa jipya, na adhabu yake yaweza kuwa kubwa kuliko ya lile la zamani.

Na kwa wale ambao hukumu yao ni ya juzi juzi: kama unaona umeonewa katika Mahakama ya Mwanzo, una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Watu wengi hulipa faini upesi ili warudi shambani, hata kama kosa si lao. Miaka inapita, fomu inauliza, na siku zile 30 zimekwisha zamani.

Wazazi, tunawaomba jambo moja. Kijana akiwaambia kwamba ana kosa la zamani na anataka kusafiri, msimwambie anyamaze kwa kuogopa aibu. Kaeni naye mtafute zile karatasi. Na kama viza itakataliwa, atabaki na jina la mtu aliyesema kweli. Mtu huyo anaweza kuomba tena.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kukamatwa na kutiwa hatiani vinatofautianaje?
2. Kwa nini mtu aliyelipa faini tu aandike "ndiyo"?
3. Katika kijiji chetu, nani anaweza kutusomea fomu ya lugha ya kigeni bila kutudanganya?
4. Karatasi zetu za mahakama, za ardhi na za kuzaliwa tunazitunza wapi?