Maneno ya Katibu wa Tawi, mkutano wa Jumapili Olasiti: gharama ya askari wetu Kongo

Mvua ya Jumapili iliwazuia wengi kufika, hasa wa ng'ambo ya korongo. Mwenyekiti ameniagiza nirushe hapa maneno niliyoyasema mkutanoni, kama yalivyo. Ni marefu kidogo. Anayetaka kuyapeleka kwenye makundi mengine ayapeleke mazima, asikate kipande.

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa Halmashauri Kuu ya Tawi, mabalozi, wazee wetu, akina mama, vijana.

Nilipangiwa dakika kumi za kusoma taarifa ya ada. Taarifa hiyo nimeibandika mlangoni, mtaisoma mkitoka. Dakika zangu naziomba kwa jambo ambalo mabalozi watatu wameniletea ndani ya mwezi mmoja na ambalo sisi viongozi tumekuwa tukilipiga chenga.

Wapiga kura wetu wanauliza habari za Kongo. Wanauliza kijiweni kwa bodaboda, wanauliza saluni, wanauliza dukani kwa Mangi. Tarehe 13 Machi mwaka huu wa 2025 wakuu wa SADC walitangaza kuufunga ujumbe wao wa kijeshi kule Kivu, ule unaoitwa SAMIDRC. Askari wanarudi. Mtu wa Olasiti anauliza: tulitumia kiasi gani, na nani amelipa? Jibu letu limekuwa moja: "Hayo ni mambo ya ulinzi."

Na mimi nimelitoa jibu hilo. Nilimpa mama mmoja wa mtaa wetu ambaye mwanawe ni askari. Akaniambia, "Katibu, sijakuuliza bunduki ziko wapi. Nimekuuliza mwanangu alikwenda kwa fedha za nani." Sikuwa na la kumwambia. Nikaaga, nikaondoka. Toka siku hiyo mama huyo haji kwenye vikao vyetu, na simlaumu.

Sasa niseme ninachokijua, maana hata sisi wenyewe tunachanganya. Huko Kongo kulikuwa na mifuko miwili. Wa kwanza ni wa Umoja wa Mataifa. Machi 2013 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098, ikaundwa brigedi ya mapigano ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Brigedi hiyo ndiyo iliyosaidia kuwatimua M23 mwaka ule ule. Kwa askari wa namna hiyo, Umoja wa Mataifa hurudishia nchi fedha, zaidi ya dola 1,400 kwa askari mmoja kwa mwezi. Fedha zinakwenda serikalini, haziendi mfukoni kwa askari, na huwa zinachelewa. Lakini zinakuja.

Mfuko wa pili ni wa SADC, ulioanza Desemba 2023. Huo hauna hazina ya New York nyuma yake. Unabebwa kwa michango ya nchi wanachama, na anayepeleka askari anabeba zaidi. Hapo ndipo swali la wapiga kura lilipo. Na wala si swali la fedha tupu. Aprili 2024 askari wetu watatu waliuawa na kombora kule. Mwanzoni mwa mwaka huu, Goma ilipoanguka, tukapoteza wawili tena. Watu wanaotoa watoto wao wana haki ya kuuliza hesabu.

Wapo watakaosema Katibu anapinga jeshi. Hapana. Kongo ikiwaka, Kigoma inapokea. Nendeni Nyarugusu mkaone. Mzigo wa Kongo unapita bandari ya Dar es Salaam na unalisha madereva wengi. Tulikuwa na sababu ya kwenda. Ninachosema ni kwamba sababu nzuri haimfanyi mhasibu afunge daftari.

Wazee wa hapa wanaikumbuka Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia, tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba eneo la kaskazini ya mto ni lake, na kesho yake Mwalimu akazungumza na taifa. Chama kilikuwa hakijatimiza miaka miwili tangu TANU na ASP ziungane. Waziri Mkuu alikuwa jirani yetu wa Monduli, Edward Sokoine. Watu waliambiwa wazi: kuna vita, itatugharimu, toeni. Wakatoa. Malori na mabasi ya watu binafsi yalichukuliwa, ng'ombe walitolewa, mgambo waliitwa. Sijasikia mzee hata mmoja wa huku akisema alidanganywa siku ile.

Maneno yao ya uchungu yanaanzia baadaye. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Mwalimu akawaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Vita ile inakadiriwa ilikula dola milioni 500, na haikuja peke yake: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, bei ya mafuta ikapanda 1979, na mpaka wa Namanga ulikuwa umefungwa na haukufunguliwa hadi 1983. Mnakumbuka nyie wenyewe, foleni za sukari, watu wanaweka jiwe lishike nafasi. Miezi 18 ikapita, hali ikazidi kuwa mbaya. Mama yangu alikuwa akisema, "Tulihesabu miezi hadi tukachoka kuhesabu."

Kuna mzee wetu, yuko hapa ameketi, sitamtaja. Alitoa dume moja kwa ajili ya vita. Aliandikiwa stakabadhi, anayo hadi leo, ameniletea nikaishika. Karatasi imekuwa laini kama kitambaa. Nikamuuliza, mzee, unataka ulipwe? Akacheka sana. Akasema ng'ombe yule alishaliwa na vijana, wakashiba, basi. Ila hakuna kiongozi aliyerudi kumwambia yale mambo yaliishaje. Hata kwamba Uganda ilikuja kumaliza kulipa deni lake kwetu mwaka 2007 alilisikia kutoka kwangu, mwaka huu.

Tulimwomba mchango, hatukumrudishia taarifa.

Ndugu zangu, ni kweli jeshi lina siri. Idadi ya mizinga, njia wanazopita, hayo hatuyataki. Lakini jumla ya fedha si siri ya vita. Wenzetu wa Afrika Kusini walikuwa nasi bega kwa bega katika ujumbe huo huo. Februari 2024 ofisi ya rais wao ilitangaza: askari 2,900, zaidi ya randi bilioni 2, hadi tarehe 15 Desemba mwaka huo. Bungeni kwao walizozana, na Januari hii walipopoteza wanajeshi 14 walizozana zaidi. Lakini mpiga kura wao anajua anachokasirikia. Sisi, hotuba ya bajeti inataja Fungu 57 la wizara, Fungu 38 la Ngome, Fungu 39 la JKT. Mtu wa kawaida anasikia jumla ya fungu, hasikii safari ya Kongo imegharimu nini. Halafu mfereji wa mita hamsini ukichimbwa mtaani tunataka kibao chenye jina la mkandarasi na gharama!

Mimi nina diploma ya uhasibu tu. Lakini hata hesabu za tawi hili, mkinikuta nimeandika "matumizi mengineyo" kwenye nusu ya ukurasa, mtanitoa. Na mtakuwa sahihi.

Oktoba tunakwenda kuomba kura. Balozi mmoja ameniambia kwenye shina lake watu wanasema watabaki nyumbani. Hawahamii chama kingine, hawatakwenda kituoni tu. Kwangu hilo ni baya zaidi.

Kwa hiyo Halmashauri Kuu ya Tawi imekubaliana, nami nimeandika barua kwenda Kata, nakala kwa Katibu wa Wilaya. Tunaomba mbunge wetu aulize bungeni, kabla bajeti haijapita mwezi Juni, jumla ya fedha zilizotumika kwa SAMIDRC, kiasi kilichotoka SADC na kiasi kilichotoka kwetu. Tunaomba pia tuelezwe familia za waliofariki zinatunzwaje. Barua ina mihuri yote. Kama jibu litakuwa "haiwezekani", nitalisoma hapa hivyo hivyo, bila kulipaka rangi.

Mpaka hapo, mabalozi, mkiulizwa mlangoni msijibu tena kwamba ni mambo ya ulinzi. Semeni: hatujui, tumeuliza, barua ilipelekwa Jumatatu. Kwa yule mama nitakwenda mwenyewe.

Kikao kijacho ni Jumapili ya pili ya mwezi ujao, saa nane mchana, pale pale. Ambao ada zao zimeandikwa kwa kalamu nyekundu mlangoni, wanione au watume kwa simu kwa mtunza hazina, na wadai risiti.

Katibu wa Tawi
Olasiti, Arusha
Mei 2025